Nunua betri kwanza, taa baadaye

Mwenye safari ya kwenda kupiga kambi Mikumi hukumbuka taa dakika za mwisho, fedha ikiwa imeshaishia kwenye nyama, mkaa na mafuta ya gari. Ndipo anapokatiza Kariakoo jioni na noti yake ya elfu kumi, akiuliza kila meza swali lile lile: “Ya bei ya chini kabisa ni ipi?” Hakosi jibu, maana taa za kambi za bei poa zimejaa tele. Zipo za kuvuta juu zikawaka zenyewe, zenye umbo la chemli, zenye feni kichwani, zenye kisola mgongoni. Na muuzaji hakosi maneno: “Hii bosi wangu, ukichaji usiku mmoja, wiki nzima unadunda nayo.”

Kasoro iko kwenye swali. Taa ya betri hulipiwa siku ya kuinunua, kisha hulipiwa tena kila betri zinapoisha. Ya elfu nane inayomaliza betri nne kubwa kwa safari moja inaweza kumfilisi mwenyewe kabla mwaka haujaisha, wakati ya elfu ishirini inayochajiwa imeshajilipa zamani. Anayetaka unafuu wa kweli huuliza hivi: “Inakula betri gani, na nitazipata wapi?”

Siku hizi mwanga wenyewe si ghali. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kubuni LED ya rangi ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa taa nyeupe zinazotumia umeme kidogo. Leo punje hizo za LED zinapatikana kwa bei ya karanga, na hata taa duni kabisa mezani inazo. Kinachotofautisha taa na taa kimo tumboni mwake.

Hesabu ya kwenye boksi

Chukua boksi lolote usome. Utakuta limeandikwa “lumeni 1,000”, na chini yake “saa 30”. Lumeni ni kipimo cha mwanga: mshumaa mmoja hutoa lumeni kama 12, na balbu ile ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Kwa hiyo boksi linakuahidi mwanga unaozidi wa balbu ya sebuleni, kwa saa 30, kutoka kwenye betri tatu ndogo za saa ya ukutani.

Hapa hesabu ya darasa la sita inatosha. LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Betri moja ndogo ya alkali, yaani AA, ikiwa mpya na nzuri, hubeba nguvu inayokaribia wati 3 kwa saa moja. Betri tatu ni 9. Lumeni 1,000 zinahitaji wati 10, kwa hiyo hata mambo yote yakienda sawa, nguvu hiyo haifiki saa moja. Na ukitaka taa iwake saa 30, gawanya 9 kwa 30: utapata wati 0.3, ambazo ni lumeni 30 tu. Huenda boksi halikudanganya kuhusu lumeni, wala halikudanganya kuhusu saa. Lilichonyamazia ni kwamba hutavipata vyote viwili usiku mmoja.

Liko jambo jingine la kujua. Hata watengenezaji wanaofuata kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL 1 huhesabu muda wa taa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile saa inaweza kuwa ya mwanga hafifu, unaotosha kuonyesha viatu vilipo na si kuchambua mchele.

Habari njema ni kwamba kambi haihitaji lumeni 1,000. Ndani ya hema la watu wawili, 50 hadi 100 zinatosha kabisa. Juu ya meza ya kupikia, 200. Anayelijua hilo huacha kulipia namba kubwa zilizoandikwa kwa wino mwekundu, na hapo ndipo unafuu unapoanza.

Herufi moja yenye thamani

Taa za kundi la kwanza hutumia betri kubwa, zile za redio na tochi, zenye sifa moja isiyo na mpinzani: zinapatikana karibu kila duka la kijijini. Kwa anayekwenda siku kadhaa mahali pasipo umeme, hilo si jambo dogo. Lakini ziko za aina mbili, na wengi hununua bila kuangalia. Iliyoandikwa R20 ni ya kaboni. Iliyoandikwa LR20 ni ya alkali, na kwa kawaida hudumu mara mbili au tatu zaidi. Kwa hiyo ikiwa ya alkali haifiki bei ya mbili za kaboni, chukua ya alkali. Herufi L ndiyo ya kutafuta, hata kwenye betri ndogo: R6 na LR6.

Afrika Mashariki imewahi kutengeneza betri hizi kwa wingi. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, Kenya, kilifungua milango mwaka 1967 na kikafunga mwaka 2014, kikielemewa na betri rahisi kutoka nje. Ndiyo maana rafu zetu leo zina majina mengi, mengine yakifanana kwa kusudi, na ubora wake unapishana sana. Tazama tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye ganda. Isiyo na tarehe iache.

Kundi la pili ni taa za kuchaji kwa waya wa simu. Nyingi hutumia betri ya lithiamu ya duara iitwayo 18650, kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Betri moja nzuri ya aina hii hubeba nguvu ya AA tatu au nne, na huchajiwa mamia ya mara. Hii ndiyo taa rahisi kuliko zote kwa mtu anayepiga kambi karibu na gari, maana itachajiwa barabarani. Tatizo ni ulaghai. Zilizo bora za ukubwa huo hubeba chaji inayozunguka mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, hiyo namba ni ya kubuni. Halisi huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Za ulaghai mara nyingi ni nyepesi. Mizani ya sonara itasema ukweli kuliko stika.

Kundi la tatu ndilo la kuogopa: taa za kuchaji zenye betri ya asidi ndani yake. Utazitambua kwa uzito usiolingana na umbo. Betri ya asidi ikikaa rafuni miezi mingi bila chaji huharibika kabla haijafika mkononi mwa mnunuzi. Dukani itawaka, kwa sababu imetoka kuchomekwa. Porini itakuachia giza saa mbili usiku. Ukishusha bei mpaka nusu, bado umepigwa.

Wakati na mahali

Mwamvuli hununuliwa kiangazi, na taa ndivyo hivyo. Umeme ulipokuwa wa mgao mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kila nyumba ilitaka taa ya chaji, na soko linalotakwa na kila nyumba halina haja ya kumbembeleza mteja. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa Februari 2024, presha hiyo imepungua. Wakati wa kupatana bei ni huo ambao umeme upo.

Moshi nako kuna msimu. Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimepunguza wapanda mlima, wenye maduka ya kukodisha na kuuza vifaa vya Kilimanjaro wana muda wa kusikiliza. Soko la mitumba la Memorial linajulikana kwa wanaotafuta makoti na viatu vya mlimani, na anayepekua kwa subira hukutana pia na taa zilizokwisha kutumika. Fungua mlango wa betri kabla ya kutaja bei. Ukungu mweupe kwenye springi ni betri ya alkali iliyovuja. Pamba yenye siki au ndimu huuondoa. Springi iliyoliwa ikakatika, rudisha taa mezani. Washa na kuzima swichi mara kadhaa huku ukiitikisa: ikipepesa, jua kuna waya au kiungo kilicholegea.

Anayepanda mlima akumbuke baridi. Usiku kwenye mahema ya njia ya Machame, betri za alkali huzubaa na taa iliyowaka vizuri Dar es Salaam hufifia. Zilaze betri ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na mwili.

Kwa duka lolote, dai risiti ya EFD na uombe kuwasha taa dakika kumi mbele ya muuzaji. Inayoanza kufifia au kupata joto lisilo la kawaida imeshajieleza. Na ukirudi safarini, toa betri zote. Kuchanganya nzee na mpya, au kuzisahau ndani mpaka likizo ijayo, kumeua taa nyingi kuliko mvua.

Bila kununua chochote

Kabla ya yote hayo, jaribu hili nyumbani usiku. Jaza maji kwenye dumu jeupe linalopitisha mwanga, lifungie tochi ya kichwani kwa mkanda, balbu ikitazama ndani. Mwanga uliokuwa mshale mmoja utatawanyika pande zote, wa kutosha familia kula bila kuchomwa macho. Tochi ya simu chini ya chupa ya maji hufanya hivyo hivyo, ila itakula chaji ambayo kesho utaihitaji kupiga picha za tembo.

Kama hilo halikutoshi, basi gawa bajeti yako kinyume na mazoea. Tuseme ni elfu ishirini. Tenga kwanza fedha ya betri za siku zote za safari, uzinunue Dar es Salaam au Morogoro mjini, ambako unaweza kuchagua, badala ya kungoja duka la mwisho lenye pakiti moja iliyopauka kwa jua. Kinachobaki ndicho cha taa, na hapo sasa unaruhusiwa kuuliza ya bei ya chini kabisa ni ipi.