Kani Huenda Mbili Mbili: Fizikia ya Barabara ya Ilomba

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Ilomba, jijini Mbeya. Kila siku hupita hapo malori yenye matela, mabasi, bajaji na pikipiki. Kandokando yake watu husukuma mikokoteni ya viazi na ndizi, na wengine hutembea na ndoo kichwani. Wote hao, kuanzia unyayo wa mchukuzi hadi gurudumu la lori, huitii kanuni moja ya maumbile ambayo Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, aliichapisha mwaka 1687. Hiyo ni kanuni yake ya tatu ya mwendo. Wengi huikariri shuleni, ila wachache huielewa. Na katika nchi ya miteremko na mvua nyingi, kutoielewa kwaweza kugharimu maisha.

Kanuni yasemaje?

Kitu kimoja kikikisukuma au kukivuta kingine kwa kani fulani, hicho kingine nacho hukisukuma au kukivuta cha kwanza kwa kani iliyo sawa kwa ukubwa, ila yenye mwelekeo wa kinyume. Kani moja huitwa kani ya kutenda na nyingine kani ya kujibu. Majina hayo yasimpotoshe msomaji akadhani kwamba moja hutangulia na nyingine hufuata. Kani hizo huzaliwa pamoja na hukoma pamoja, wala hakuna kani iendayo peke yake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Iwapo mkokoteni humsukuma mchukuzi nyuma kwa kani ileile anayousukumia mbele, mbona kani hizo hazifutani? Mkokoteni wawezaje kuondoka mahali ulipo? Jibu ni kwamba kani hizo mbili hazikielemei kitu kimoja. Moja huuelemea mkokoteni, nyingine humwelemea mchukuzi. Deni la jirani halifuti akiba ya mtu mwingine. Vivyo hivyo, kani iliyo juu ya mchukuzi haiwezi kuifuta kani iliyo juu ya mkokoteni.

Mfano wa hesabu utalibainisha jambo hili. Mkokoteni wenye kilo 300 pamoja na mzigo wake unasukumwa kwa kani ya nyutoni 200. Msuguano unaupinga kwa nyutoni 110. Zinabaki nyutoni 90, nazo zinauongezea mkokoteni mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde katika kila sekunde. Mchukuzi mwenyewe ana kilo 60, na mkokoteni unamrudisha nyuma kwa nyutoni 200. Ili aende sambamba nao, ardhi haina budi kumsukuma mbele kwa nyutoni 218: 200 za kukabili mkokoteni, na 18 za kuuongeza mwendo wake mwenyewe. Naye huzipata vipi hizo 218? Huzipata kwa kuisukuma ardhi nyuma kwa nyutoni 218 kwa miguu yake. Kwa hiyo mchukuzi hujisogeza kwa msaada wa ardhi. Mwondoe ardhini na umweke juu ya tope laini, nguvu za misuli yake hazitamfaa kitu.

Pacha wa kweli na pacha wa uongo

Kosa jingine lililoenea ni la kuoanisha kani zisizo pacha. Mwanamke amesimama na ndoo ya maji yenye kilo 20 kichwani. Dunia huivuta ndoo hiyo chini kwa nyutoni 196, na kichwa huisukuma juu kwa kiasi hichohicho. Wengi husema kwamba hizo ndizo kani ya kutenda na kani ya kujibu. Sivyo. Zote mbili zinakielemea kitu kimoja, yaani ndoo, nazo ni sawa kwa sababu tu ndoo imetulia. Pacha wa uzito wa ndoo ni kani ambayo ndoo nayo huivutia dunia juu, nyutoni 196 kamili. Dunia haionekani kusogea kwa kuwa ni kubwa mno. Pacha wa kani ya kichwa ni mgandamizo wa ndoo juu ya kichwa, na huo ndio uumizao shingo.

Kinachosukumwa si lazima kiwe ardhi

Garimoshi la TAZARA, ambalo reli yake ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na hupita Mbeya, huenda mbele kwa kuwa magurudumu ya injini huisukuma reli nyuma. Chuma juu ya chuma huteleza upesi. Ndiyo sababu injini za garimoshi hufanywa nzito, na penye utelezi hunyunyiza mchanga relini.

Ndege iondokapo uwanja wa Songwe husukuma hewa nyuma, nayo hewa huisukuma ndege mbele. Roketi haihitaji hata hewa. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Roketi iliyoibeba ilitupa gesi zake yenyewe nyuma kwa kasi, nazo gesi zikaisukuma mbele.

Lori halina gesi ya kutupa namna hiyo. Tegemeo lake pekee ni barabara, katika kuondoka na katika kusimama.

Breki haisimamishi gari

Kauli hii yaweza kushangaza, ila ni kweli. Breki huzuia gurudumu lisizunguke. Gurudumu huisukuma barabara mbele. Barabara nayo hulisukuma gari nyuma. Ushahidi wa kani ya kwanza huonekana mahali ambapo malori mazito hufunga breki mara kwa mara: lami hujikunja na kufanya mawimbi kwa kusukumwa.

Lami ikiwa kavu na matairi mazima, barabara yaweza kujibu kwa kani ifikayo karibu sehemu 7 kwa 10 za uzito wa gari dogo. Likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hilo litasimama baada ya mita 14 hivi tangu breki zikamate. Lami ikilowa na kani hiyo ikishuka hadi sehemu 4 kwa 10, mita hizo huwa 25. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huongezeka mara nne. Tairi lililokwisha meno huzidisha hatari, kwa maana maji hukosa pa kupita, na tairi hupoteza kitu cha kusukuma.

Kwenye miteremko kama ile ya Iwambi na Mlima Nyoka pana tatizo la pili. Lori la tani 50 linaposhuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, joto linalozalika lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Joto hilo lote likiachiwa breki, hizo hulegea. Gurudumu lisilokabwa haliisukumi barabara mbele, na barabara isiyosukumwa haijibu. Ndiyo maana dereva mwenye busara huingiza gia ya namba ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini nayo ishiriki kuyazuia magurudumu.

Kani sawa, madhara tofauti

Lori la tani 10 likigongana na pikipiki ambayo pamoja na watu wake ina kilo 250, kani zinazoelemea vyombo hivyo viwili ni sawa kabisa. Lakini pikipiki ni nyepesi mara 40. Lori likipungukiwa mwendo kwa kilomita 1 tu kwa saa, mwendo wa pikipiki hubadilika ghafla kwa kilomita 40 kwa saa. Usawa wa kani si usawa wa madhara. Kofia ngumu haiwezi kuibatilisha kanuni ya Newton, ila hurefusha kitambo cha kichwa kusimama, na kwa kufanya hivyo huipunguza kani inayokifikia kichwa.

Basi dereva, mwendesha pikipiki na mchukuzi wa Ilomba wote wana mdhamini mmoja, nao ni uso wa barabara. Huyo hujibu kwa kadiri anavyosukumwa, wala hazidishi. Mvua inyeshapo, uwezo wake wa kujibu hupungua. Na mwendo hauna budi kupunguzwa mapema, kabla haujahitajika msaada ambao barabara haiwezi kuutoa.