Fahamu: Cheti cha mitandao kwa kijana wa Tukuyu

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaiunganisha Tanzania na Malawi kupitia Kasumulu, mpakani, mwisho wa barabara ileile ipitayo Tukuyu. Lakini waya haujiendeshi wenyewe; unahitaji mafundi wa mitandao.

Kwa anayeanza fani hiyo, jina linalotajwa zaidi ni CCNA, cheti cha kampuni ya Cisco. Mtihani wake, namba 200-301, ulianza Februari 2020: dakika 120, ada dola 300 za Marekani, na cheti hudumu miaka 3. Haudai shahada wala cheti kingine. Tangu 2023 upo pia CCST, mdogo na nafuu zaidi.

Panapowakwamisha wengi ni kugawa mtandao. Chukua hospitali yenye anwani 256 za mtandao inayotaka maabara, famasi, uhasibu na wodi zitenganishwe. Ukigawa sehemu 4, kila moja hupata 64. Toa ya kwanza, inayoutaja mtandao wenyewe, na ya mwisho, ya kutangazia vifaa vyote, zinabaki 62. Kwenye mtihani hesabu hii hutakiwa haraka, bila kikokotoo. Daftari na kalamu vinatosha kuizoea, hata umeme ukikatika.

Mazoezi ya ruta na swichi hufanyika kwenye programu ya bure, Packet Tracer. Kompyuta ya mtumba iliyo nzima huimudu. Kwa maoni yangu, jifunze kwanza, ada baadaye: dola 300 ni mikungu mingi sana ya ndizi za Rungwe.