Sungura wa nyumbani akifa, usimdanganye mtoto

Wiki hii naomba tuweke kando shinikizo la damu na kisukari, nikusimulie habari za sungura. Usikunje uso. Habari hizi zina funzo la afya, na funzo lenyewe nililipata kwa gharama.

Mnamo Desemba 2013 nilinunua sungura mmoja mweupe kutoka kwa mkulima wa Kiambu. Sitakuficha: nilimnunua awe kitoweo cha Krismasi. Nilimfikisha nyumbani Nairobi ndani ya katoni, nikaiweka jikoni, nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka minne, ameketi sakafuni na sungura mapajani.

"Baba, huyu anaitwa Pamba," akaniambia.

Msomaji, mnyama akishapewa jina na mtoto haliwi tena. Krismasi ile tulikula kuku.

Pamba aliishi nasi karibu miaka minne. Alilala katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, lakini jioni alifunguliwa akaingia sebuleni kama mwenye nyumba. Akifurahi, aliruka na kujipinda hewani. Akishtuka, alipiga sakafu kwa miguu ya nyuma hadi sote tukanyamaza. Alitafuna waya wa redio na kona moja ya kitabu changu cha dawa. Jirani mmoja mzee aliniuliza kila mwaka, "Daktari, huyo atafika Pasaka kweli?" Alizifikia Pasaka nne.

Kosa langu

Ijumaa moja jioni mwezi wa Agosti 2017, Pamba alijikunyata pembeni na kukataa karoti. Binti yangu alinivuta mkono nikamtazame. Nilikuwa nimetoka kuwaona wagonjwa tangu asubuhi. Nikasema, "Atakula kesho." Asubuhi tulimkuta amekauka.

Binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka minane, hakulia mara moja. Alinitazama, akauliza, "Baba, si wewe ni daktari?"

Sikuwa na jibu. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza nilichopaswa kujua mapema. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na utumbo wake hutaka kazi mchana na usiku. Kwa hivyo chakula chake kikuu ni nyasi kavu. Mboga za majani ni nyongeza, karoti ni kitamutamu, na mkate haumfai kabisa. Sisi tulimlisha mkate na karoti kwa mapenzi. Aidha, sungura hawezi kutapika, na kwa kuwa kwa maumbile yake huwindwa na wengine, huficha maumivu. Ukimwona amekataa kula na kupata choo kwa nusu siku, huyo ni mgonjwa mahututi, si wa kungojea kesho. Akitunzwa vizuri, sungura anaweza kuishi miaka minane au zaidi.

"Amelala"

Kosa la pili tulilifanya asubuhi hiyo hiyo. Mdogo wake, mvulana wa miaka minne, alipouliza Pamba ana nini, mama yao alimjibu kwa huruma, "Pamba amelala." Nami nikanyamaza. Usiku huo kijana alikataa kupanda kitandani. Alikaa kwenye kiti akipambana na usingizi, na tulipombembeleza sana akatoboa siri: aliogopa kulala asije akatiwa shimoni kama Pamba.

Hapo ndipo nilipomketisha na kumweleza ukweli. Nilimwambia Pamba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi wala hasikii njaa, na hatarudi. Kulala ni jambo jingine, maana anayelala huamka. Aliuliza tena siku iliyofuata, na ya tatu, nami nikajibu vile vile.

Mzazi, mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa kawaida hafahamu kwamba kifo hakina marejeo, ndiyo sababu hurudia swali. Usimkemee. Usimwambie mnyama amesafiri, kwani atamngoja langoni. Tumia neno lenyewe: amekufa. Mtoto mkubwa naye huweza kujilaumu kimoyomoyo, hivyo mwambie waziwazi kwamba si kosa lake. Kama kosa ni lako, likiri. Nilimwambia binti yangu, "Uliniita, nami sikusikiliza. Nisamehe." Hapo ndipo alipolia, tukalia pamoja.

Waache watoto washiriki mazishi. Sisi tulimzika Pamba chini ya mpera, na kijana akamwekea jani la sukuma wiki. Usikimbilie sokoni siku hiyo kununua mwingine, kana kwamba aliyekufa alikuwa sufuria. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Atalia, kisha atacheza, kisha atalia tena. Lakini ikiwa wiki kadhaa zimepita na bado hali, halali vyema, hachezi au masomo yamezorota, mlete kwa daktari.

Kwa wale wanaofuga sungura, nina machache ya kuongeza. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Akimparura mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na uhakikishe mtoto amepata chanjo ya pepopunda. Sungura anayenyonyoka manyoya kwa mabaka huenda ana choa, nacho huambukiza watu. Na ikiwa kifua cha mwanao hubana au hupiga chafya kila akimkumbatia, muone daktari, hasa kama ana pumu.

Leo binti yangu ni msichana wa sekondari. Juzi alinikumbusha siku Pamba alipokula kitabu changu, tukacheka mpaka machozi. Hakutaja ile Ijumaa, lakini mimi siisahau. Tangu siku hiyo, mama akiniambia kliniki, "Daktari, huyu mtoto leo si yeye," huweka kalamu chini nikamsikiliza.

Basi msomaji, kama una sungura nyumbani, mtazame jioni hii. Je, amekula? Amepata choo? Na mtoto akikuvuta mkono, nenda naye.