Gisi Mwindo alimuponyoka baba yake

Tukitafuta mufano wa mutoto mutundu katika hadithi, wengi wetu tunakimbilia vitabu vya Wazungu tulivyosoma ku masomo. Lakini hapa kwetu, upande wa Walikale, Wanyanga wako na wao, na utundu wake ni wa kipekee. Anaitwa Mwindo. Watu wanakumbuka zaidi vita zake. Mimi leo napenda kuelezea kipande cha mwanzo, pale anapomutoroka baba yake, sababu njo pale watu wanacheka zaidi.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, alioa wanamuke saba, akawakusanya, akawapa amri: muzae mabinti tu, mwenye atazaa mwanaume, ule mutoto nitamuua. Juu ya nini? Wengi wanaelewa kwamba ni mambo ya mahari: binti analeta mali, kijana anaitoa. Mimi naongeza kwamba kijana anaweza siku moja kutaka kiti.

Sita wakazaa mabinti. Mimba ya wa saba, Nyamwindo, ikachelewa. Kumbe mule tumboni mutu anapanga mambo yake! Mama anakuta kuni ziko nyumbani, maji imekwisha kuchotwa, mboga iko pale, na hakuna mwenye alileta. Ni mutoto mwenyewe alitumika mbele ya kuzaliwa. Njia ya kawaida ya kuzaliwa akaikataa. Akapanda mwilini mwa mama, akatokea ku kidole cha katikati. Papo hapo anacheka, anasema, anatembea. Njo maana jina lake lingine ni Kabutwakenda, yaani kadogo kenye kuzaliwa na kutembea. Mukononi ameshika conga, ule usinga wake wa nguvu.

Wazalishaji walitaka kuficha habari, lakini nyenje akaenda kuipeleka kwa mwami. (Kila kijiji iko na nyenje yake, munajua.)

Basi Shemwindo anakamata mukuki, anatupa ndani ya nyumba. Mukuki unaanguka mbali na mutoto. Anatupa tena na tena, mpaka anachoka. Anaamuru kaburi lichimbwe. Mutoto anazikwa muzima, wanafunika na migomba na udongo. Busiku anatoka, anarudia kwa mama yake, na baba anasikia kilio cha mutoto mule nyumbani sawa vile hakuna kitu kilipita. Mwisho wanachonga ngoma, wanamufungia ndani, wanafunika na ngozi, waogeleaji wanaipeleka ku maji yenye kina, wanaitupa.

Mutazame gisi kazi inaongezeka. Mukuki ulihitaji mutu mumoja. Kaburi lilihitaji shauri la wazee na wachimbaji. Ngoma ilihitaji fundi, ngozi, waogeleaji, na kijiji kizima ku kando ya muto. Hiyo yote juu ya mutoto wa siku moja! Mutoto mudogo anayesikiliza anajua nani mwenye kuogopa hapo, na si ule mwenye kufungiwa.

Tena, mwenye kutoroka kwa kawaida ananyamaza. Mwindo anaimba. Anapaza sauti akipigwa mikuki, anamulaani baba yake akizikwa. Halafu baba, kati ya vyombo vyote vya dunia, anamutia ndani ya ngoma! Mwimbaji anapewa ngoma, na tena ngoma yenye kuelea. Inatokea juu ya maji, wimbo unasikika, na Mwindo anaenda kwa shangazi yake Iyangura, huku anaamuru samaki watoke njiani. Gereza limekuwa mutumbwi. Shangazi njo anakata ile ngozi, mutoto anatoka.

Hadithi hii tunaisoma leo sababu mwaka 1956 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, yeye mwenyewe Munyanga, waliandika maneno ya mwimbaji Shé-Kárisi Candi Rureke. Aliimba, akasimulia na kucheza siku 12. Kitabu kikatoka mwaka 1969. Nikisoma ile sehemu ya ngoma, nawaza Rureke mwenyewe, anaimba katikati ya milio ya vijiti: sauti ya mutoto ndani ya ngoma ilikuwa sauti yake.

Kuna wenye kusema hadithi hii inafundisha watoto kuzarau wazazi. Hao hawakufika mwisho. Mwindo anamufuata baba yake mpaka chini ya ardhi, lakini hamuui. Anamurudisha Tubondo, baba anakiri makosa yake mbele ya watu, na utawala wanaugawanya. Kisha zamu ya Mwindo inafika. Anapoua joka Kirimu, Nkuba, yaani radi, anamunyakua na kumupandisha mbinguni. Ule mwenye kuimba majivuno ndani ya ngoma anamaliza mwaka muzima kule juu, anapigwa na mvua, baridi na jua, na majivuno imekatazwa.