Dakika za Kwanza: Msaada kwa Aliyeungua na kwa Aliyekatika Kiungo

Mwezi wa Januari 2018 kijana mmoja wa miaka 17, wa upande wa Kiambu, alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwa mashine, na ile mashine ikamkata mkono. Wengi wanaosikia habari ya namna hiyo hudhani kwamba mkono uliokwisha tengana na mwili ni kitu cha kuzikwa tu. Lakini kijana huyo alifikishwa hospitali pamoja na mkono wake, na katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, madaktari wakafanya kazi kwa muda wa saa saba, wakiunga mfupa, kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, hata mkono ukarudi mahali pake.

Sifa ya madaktari hao ni kubwa, nao wanaistahili. Walakini yafaa kukumbuka jambo moja: daktari hawezi kuunga kiungo ambacho hakikuletwa, wala kilicholetwa kikiwa kimeharibika. Kazi yake huanza pale inapokwisha kazi ya jirani, ya mzazi, au ya mwenzi wa shambani. Ndivyo ilivyo vilevile kwa mtu aliyeungua moto. Yanayofanywa nyumbani kabla gari halijapatikana ndiyo yanayomsaidia daktari au kumfunga mikono.

ALIYEUNGUA MOTO

Katika nyumba nyingi ajali ya moto huanza kwa jambo dogo. Mtoto huvuta sufuria ya uji, birika hupinduka, koroboi huanguka, au mtu humimina mafuta ya taa katika stovu ambayo haijazimika. Nguo zikishika moto, mtu asikimbie, maana upepo huchochea moto. Na alale chini abiringike, au wenziwe wamfunike kwa blanketi nzito mpaka moto uzimike.

Moto ukiisha zimwa, dawa ya kwanza ni maji baridi yanayotiririka, na muda wake ni dakika 20 kamili. Wengi humwaga kikombe kimoja na kudhani wamemaliza. Lakini joto lililoingia ndani ya nyama huendelea kuunguza hata baada ya ngozi kuonekana imepoa. Pasipo bomba, maji ya mtungi au ya pipa yamiminwe polepole kwa kata. Hata kama ajali ilitokea mbali na maji, msaada huu ungali na faida mpaka muda wa saa tatu kupita. Mtoto mdogo hushikwa na baridi upesi. Basi maji yamwagwe palipoungua tu, na mwili uliobaki ufunikwe. Barafu isitumike hata kidogo, kwa kuwa nayo huumiza ngozi iliyokwisha dhoofika.

Wakati maji yanapomiminwa, pete, bangili, saa na mikanda ivuliwe kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Iachwe pale mpaka hospitali. Malengelenge yasitumbuliwe, maana ile ngozi ya juu ni kifuniko.

Baada ya hapo jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi za kunata, kisha mgonjwa apelekwe. Hapa ndipo penye kosa la siku nyingi. Kuna wanaopaka mafuta ya kupikia, siagi, dawa ya meno, ute wa yai, unga, hata kinyesi cha ng'ombe. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wamerithi desturi, na wanataka kumpunguzia mtoto maumivu. Lakini mafuta huzuia joto lisitoke, uchafu huingiza sumu katika damu, na daktari hulazimika kuyasugua yote hayo kabla ya kuliona jeraha. Maumivu ya kusuguliwa huko ni makali kuliko yale ya kwanza.

Jeraha linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, lisitibiwe nyumbani. Kadhalika jeraha lo lote la uso, la mikono, la miguu, la viungo vya siri au la maungio, la umeme, la mtoto mchanga, au la mtu aliyevuta moshi mwingi.

ALIYEKATIKA KIUNGO

Panga, msumeno na mashine za kukatia majani ni vyombo vya riziki, lakini havichagui baina ya jani na kidole. Ajali ikitokea, mashine isimamishwe kwanza. Kisha aangaliwe mtu, si kile kipande kilichokatika. Kipande kitangoja, lakini damu haingoji.

Kitambaa safi kigandamizwe kwa nguvu juu ya jeraha, mgonjwa alazwe, na mkono au mguu uinuliwe. Kitambaa kikilowa kisiondolewe, bali kingine kiongezwe juu yake. Kwa kidole, mara nyingi hayo yatatosha. Lakini ikiwa ni mkono au mguu, na damu inaruka wala haizuiliki, na ufungwe utepe mpana wa kitambaa, kiasi cha vidole vitatu, juu kidogo ya jeraha upande wa mwilini, si juu ya kiwiko wala goti. Kijiti kipenyezwe katika fundo na kuzungushwa mpaka damu isimame. Uzi mwembamba au waya usitumike, maana hukata nyama. Saa ya kufunga iandikwe, hata ikiwa ni juu ya ngozi ya mgonjwa, na utepe usilegezwe njiani mpaka daktari auone.

Damu ikiisha zuiwa, ndipo kitafutwe kipande. Kama kina udongo, kioshwe kidogo kwa maji safi bila kusugua, wala kisitiwe dawa. Kisha kizungushiwe kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, kitiwe katika chombo kisichopenya maji, na chombo hicho kiwekwe ndani ya ndoo yenye maji na barafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017. Basi kopo safi lenye kifuniko kinachobana litafaa sana. Barafu hupatikana kwa mwenye duka la soda, au mahali penye mitambo ya kupozea maziwa. Isipopatikana, kipande kiwekwe kivulini na safari isicheleweshwe.

Hapa pana tofauti ambayo kila mtu aikariri mpaka aijue kwa moyo. Aliyeungua hutaka maji juu ya jeraha lenyewe. Kiungo kilichokatika hutaka baridi, lakini hakitaki kuguswa na barafu wala kuzama katika maji. Kikigusana na barafu huganda na kufa, na kikizama hulainika hata mishipa isiweze kushonwa. Kosa hili hufanywa na watu wenye bidii na upendo, na kwa ajili yake mikono imepotea ambayo ingeokoka.

Wakati nao una mipaka. Mkono au mguu wenye nyama nyingi, usipopozwa, hudumu kiasi cha saa 6 tu. Kidole, kwa kuwa hakina nyama nyingi, hudumu zaidi, na kikipozwa vizuri chaweza kungoja hata siku nzima. Kiungo ambacho bado kimeshikiliwa na ngozi kisikatwe. Kinyoshwe, kifungwe pamoja na ubao, na kupozwa. Mgonjwa asipewe chakula wala chai, kwa sababu huenda akalazwa usingizi wa kupasuliwa.

Elimu hii si ya zamani sana. Mkono wa kwanza kuungwa na kupona uliungwa Boston, Marekani, mwezi wa Mei 1962, na kundi la madaktari lililoongozwa na Dakt. Ronald Malt, mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 12, na mkono ulikatikia karibu na bega. Tena si kila kiungo kiungwacho hupona, na mishipa ya fahamu huchukua miezi mingi kurudisha nguvu. Lakini uamuzi huo ni wa daktari. Kazi ya aliye karibu ni kukileta kiungo kikiwa kizima.

Vitu vinavyohitajiwa ni vichache, navyo si vya gharama: kitambaa kilichofuliwa na kukunjwa mahali pasipo vumbi, utepe mpana, kopo lenye kifuniko, pipa lenye maji, na namba ya simu ya mwenye gari. Mwenye mashine ya kukatia majani na ahakikishe kinga yake haijaondolewa, na watoto wasiikaribie. Vitu hivyo vyaweza kuwekwa tayari leo jioni, kabla taa hazijazimwa.