DARI YA GARI IKISHUKA: TUITENGENEZE AU TUIBADILISHE?



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha kujisaidia kimechanga pole pole mpaka kikanunua gari. Mchana gari hilo hubeba abiria na mizigo kati ya Lunga Lunga, Msambweni na Ukunda. Usiku mlango ukigongwa, hilo hilo ndilo linalompeleka mama mwenye uchungu hospitalini Msambweni. Gari kama hilo ni mali ya watu wengi, na kila kitu kinachoharibika ndani yake ni hasara ya watu wengi.

Katika toleo hili tutaongea juu ya kitu ambacho wengi hukidharau: kile kitambaa cha dari ya ndani, au silingi kama tunavyoiita. Huanza kushuka kidogo nyuma, kama tumbo. Baada ya miezi michache kimefika kichwani kwa abiria, na unga wa rangi ya kahawia unawaangukia watoto na vikapu vya chakula. Mwisho kinamziba dereva, akitazama kioo cha ndani haoni gari linalokuja nyuma. Hapo si urembo tena, ni usalama.

KWA NINI KITAMBAA HUSHUKA?

Watu wengi husema, "Gundi imeisha." Mara nyingi sivyo. Tuangalie dari ya gari la kisasa imejengwaje. Juu kabisa kuna bati. Chini ya bati kuna ubao mwepesi wa nyuzi zilizoshindiliwa, uliokunjwa kwa umbo la gari. Chini ya ubao kuna sponji nyembamba, unene wa milimita 3 hadi 5 hivi. Mwisho ndipo kipo kitambaa tunachokiona. Kitambaa na sponji hutoka kiwandani vikiwa vimeshikana, na sponji ndiyo inayogandishwa kwenye ubao.

Sasa adui wa sponji ni wawili: joto na unyevu. Gari likiegeshwa juani hapa pwani, hewa ya ndani yaweza kufika nyuzi 50 na zaidi, na pale juu chini ya bati ni moto zaidi. Ongeza unyevu wa bahari ambao haututoki mwaka mzima. Vitu hivyo viwili huivunja sponji ndani kwa ndani mpaka inageuka unga. Gundi bado ipo, lakini imeshika unga! Ni sawa na kupaka chokaa kwenye ukuta wa udongo unaomwagika. Chokaa ni nzuri, ila ukuta hauna nguvu za kuishika.

Kumbukeni pia kwamba magari mengi tunayonunua yametumika miaka mingi Japani kabla ya kuletwa Kenya, halafu yakatumika tena hapa mikononi mwa watu wawili watatu. Sponji yake ni ya zamani kuliko tunavyodhani.

Sababu nyingine ni maji. Mpira wa kioo cha mbele ukipasuka, au tundu za keria ya juu zikiwa wazi, mvua ya masika huingia na kulowesha ubao. Mkiona duara la doa kwenye kitambaa, jueni kuna mahali panavuja.

PIMENI KABLA YA KUTOA SHILINGI

Vuteni kidogo ile sehemu iliyoachia, mguse upande wake wa nyuma kwa kidole.

1. Kidole kikitoka kisafi, na ni ukingo tu ulioachia karibu na mlango, basi gundi kidogo yatosha.

2. Kidole kikitoka na unga wa njano au kahawia, sponji imekufa. Hata mkigandisha leo, itashuka tena. Dawa ni kubadilisha kitambaa chote.

3. Kukiwa na doa la maji, mwageni maji pole pole juu ya gari, mmoja akiwa ndani anaangalia. Zibeni panapovuja kwanza. Kuweka kitambaa kipya chini ya bati linalovuja ni kutupa pesa.

Wengine hupiga pini au stepla. Kama ni safari ya leo tu, sawa. Lakini pini huanguka, na zikianguka huanguka kwa abiria. Wengine hushona leso juu. Kitambaa chepesi kama leso hunywa gundi na kutoa madoa mbele, na huonyesha kila kovu la ubao. Tafuteni kitambaa chenye sponji yake kabisa, kile kinachouzwa kwa mita na wenye maduka ya vifaa vya viti vya magari. Bila sponji hakuna kinachoficha makovu.

Gari la zamani sana, mfano Volkswagen ya mgongo wa kobe, ni habari nyingine. Hilo halina ubao. Kitambaa hushonwa mikunjo, na ndani ya mikunjo hupitishwa vyuma vyembamba vinavyokishikilia juu. Hapo kazi ni ya cherehani: mnafungua, mnatumia kitambaa cha zamani kama kielelezo, mnashona kipya. Akina mama wenye vikundi vya ushonaji, hii ni kazi yenu.

VIFAA

Kwa gari dogo, kitambaa cha upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili hivi hutosha. Lakini msinunue kwa kukisia. Pimeni ubao wenyewe, mfuate mabonde yake, halafu ongezeni sentimita 10 kila upande. Matatu ya nissan huhitaji zaidi.

Gundi iwe ile ya kupaka pande mbili, na muulize muuzaji kama inavumilia joto kali. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Gundi ya kawaida ya viatu hulainika gari likipata jua, na kazi yenu itashuka mchana mmoja wa mwezi wa Februari. Pia mtahitaji bisibisi, brashi laini, makasi makali, wembe, kitambaa cha kufunga pua na mdomo, na miwani ya kukinga macho.

KAZI YENYEWE

Chagueni siku kavu. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ni mizuri. Wakati wa masika gundi huchelewa na unyevu hubaki ndani.

Hatua ya 1. Kuondoa ubao. Fungueni waya wa betri wenye alama ya kutoa. Ondoeni vikinga jua, vishikio vya abiria, taa ya ndani, vifuniko vya nguzo na mipira ya milango. Skrubu za kila kifaa tieni kwenye mfuko wake, mwandike jina. Klipu za plastiki zilizozeeka huvunjika haraka, kwa hiyo zing'oeni taratibu. Lazeni viti vya mbele. Watu wawili washike ubao, mmoja kila mwisho, wautoe kwa mlango mpana kuliko yote, mara nyingi ule wa nyuma. Msiukunje hata kidogo. Ubao ukivunjika katikati, ufa wake utaonekana siku zote.

Onyo: Magari mengine yana mifuko ya hewa ya usalama iliyofichwa ukingoni mwa dari, inayofunguka gari likigongwa. Angalieni herufi SRS kwenye vifuniko vya nguzo. Mkiziona, msiguse hapo. Mpelekeeni fundi anayezijua.

Hatua ya 2. Kusafisha. Vueni kitambaa cha zamani, hutoka kwa urahisi. Kisha sugueni unga wote wa sponji kwa brashi laini. Kazi hii inachosha na ndiyo wengi wanaoiruka. Msiiruke! Unga ukibaki, gundi mpya itaushika unga badala ya kuushika ubao, na mmerudi pale pale. Msioshe kwa maji, maana ubao utajikunja. Fungeni pua na kinga macho. Mbao nyingine zina nyuzi za kioo, kwa hiyo vaeni nguo ya mikono mirefu.

Hatua ya 3. Kuziba nyufa. Kama ubao umepasuka, gandisheni kipande cha nguo ngumu upande wa juu usioonekana, mwache ukauke ukiwa umelala sawa.

Hatua ya 4. Kugandisha. Tandazeni kitambaa kipya juu ya ubao bila gundi kwanza, mhakikishe kinafika pande zote. Kunjeni nusu yake nyuma. Pakeni gundi kidogo na sawasawa kwenye ubao na kwenye sponji, pande zote mbili. Ngojeni. Ikiguswa iwe inanata bila kuvutika kwa kidole, ndipo mlaze kitambaa. Mkiharakisha, gundi mbichi hupenya na kutoa doa. Haraka haraka haina baraka.

Anzieni katikati, mkisukuma kwa kiganja kwenda ukingoni. Penye bonde, ingizeni kitambaa ndani ya bonde kwanza ndipo muendelee. Mkikivuta kikapita juu ya bonde kama kamba, joto likija kitaachia hapo hapo. Kisha fanyeni nusu ya pili.

Hatua ya 5. Kumaliza. Acheni sentimita 3 za kukunja nyuma ya ubao, mkate zinazozidi. Uacheni ubao kivulini siku nzima na usiku wake. Ndipo mkate tundu la taa kwa alama ya msalaba, mkunje ncha zake nyuma. Rudisheni vyote kwa kufuata mpango ule ule mlioufungua, kinyume nyume. Mipira ya milango ikae sawa, maana hiyo ndiyo inayobana ukingo.

GUNDI SI KITU CHA KUCHEZEA

Mvuke wa gundi hii hushika moto haraka na huleta kizunguzungu. Fanyeni kazi nje, chini ya mwembe, si ndani ya chumba. Pasiwe na sigara wala jiko karibu. Msiizimue kwa petroli.

Jambo la pili mwalijua. Katika miji yetu wapo watoto walioharibikiwa kwa kunusa gundi. Mkebe uliobaki nusu ukiachwa barazani ni mtego kwa mtoto wa jirani au wa kwetu wenyewe. Achaguliwe mtu mmoja wa kuufungia kwa kufuli na kuandika kiasi kilichobaki. Mkebe uliokwisha usitupwe njiani.

HESABU YA KIKUNDI

Wanachama hubishana sana: "Tumpe fundi!" "Hapana, tufanye wenyewe, ni rahisi!" Kabla ya kupiga kura, pigeni hesabu. Huu ni mfano tu, si bei ya sokoni. Wekeni tarakimu zenu.

Tuseme gari huwaachia shilingi 1,500 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Fundi anataka shilingi 7,000 na kulikaa siku moja. Gharama yenu ni 7,000 na 1,500 ya siku iliyopotea, jumla 8,500. Mkifanya wenyewe, vifaa ni 4,000, lakini gari litalala siku tatu. Hizo ni 4,500 zilizopotea, jumla 8,500. Kumbe ni sawa sawa!

Basi faida iko wapi? Iko mahali pawili. Kwanza, kama gari litalala gereji kwa kazi nyingine, fanyeni ya dari siku hizo hizo. Pili, kama kuna vijana wawili wanaotaka kujifunza, chukulieni gari lenu kuwa darasa. Wakimaliza watakuwa na ujuzi wa kuwauzia wenye magari wengine, na kikundi kinaweza kupatana nao asilimia fulani. Kama hakuna wa kujifunza na gari linahitajika kila siku, mpeni fundi. Lakini mkubaliane kwa maandishi: sponji ya zamani itasuguliwa yote, gundi iwe ya kuvumilia joto, na kazi ikishuka kabla ya muda mliopatana aitengeneze bila malipo. Mmoja wenu akaone ubao ukiwa mtupu kabla kitambaa hakijawekwa. Kikishawekwa, hakuna anayeweza kujua kilichofichwa chini.

Vyovyote mtakavyoamua, risiti zote ziende kwa mweka hazina. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na baada ya hapo, lindeni kazi yenu. Egesheni gari kivulini. Likiwa limesimama penye usalama, shusheni vioo kidogo joto litoke. Kabla ya masika kagueni mipira ya vioo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari letu, au mali yetu nyingine, ina kasoro gani ndogo tunayoidharau?

2. Siku moja ya gari kulala inatugharimu kiasi gani? Nani kati yetu anajua jibu bila kuangalia daftari?

3. Ni vijana gani hapa kijijini wangefaa kujifunza kazi hii, na tutawasaidia vipi kuanza?

4. Gundi, petroli na dawa za mashambani tunaziweka wapi, na ufunguo anao nani?