Asali ya Igalula na kilele kinachohama kwenye mashine

Haya wadau, leo tuingie maabara kidogo. Msikimbie, hii kitu inagusa mifuko ya watu wetu kule Uyui.

Asali ya Igalula na vijiji jirani inatoka kwenye mizinga iliyotundikwa porini, kwenye miombo. Mnunuzi wa maana, hasa wa nje, haonji na kulipa. Anataka karatasi ya maabara, na moja ya namba anazokimbilia ni ya HMF. Hiki ni kitu kinachozaliwa sukari ya asali inapovunjika, yaani asali ikichemshwa, ikiachwa juani au ikilala stoo miaka. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka isizidi miligramu 40 kwa kilo, ila kwa asali ya nchi za joto kama yetu wameruhusu mpaka 80. Ulaya nao wana namba hizo hizo. Ukizidi hapo, mzigo unarudi.

Mashine inayotumika sana kupima HMF inaitwa HPLC. Ndani kuna bomba fupi la chuma, kolamu, limeshindiliwa unga laini sana. Pampu inasukuma mchanganyiko wa maji na methanoli, kawaida 90 kwa 10, na tone la asali iliyoyeyushwa linabebwa humo. Fikiria misafara ya zamani ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora. Wanaondoka siku moja, lakini mmoja hana ndugu njiani anapita moja kwa moja, mwingine kila kambi ana shemeji, analala. Wanafika kwa kupishana. Kule mwisho wa kolamu kuna jicho la mwanga wa nanomita 285. Kila anayefika anachorwa kama kilele kwenye grafu, na dakika aliyofika inaandikwa.

Sasa hapo ndipo pana kasheshe. Kompyuta haijui HMF ni nini. Inajua dakika tu. Tuseme asubuhi ulipitisha HMF halisi, ile standadi, ikatoka dakika ya 6.0. Unaiambia kompyuta: chochote kati ya 5.7 na 6.3 ndiyo HMF. Mchana kilele kinahamia 6.5. Kompyuta inaandika "haikuonekana". Mzee anafurahi, asali yake safi kabisa! Mzigo unafika ng'ambo, wanapima upya, wanakuta 90. Au kinyume chake: kitu kingine kabisa kinaingia kwenye lile dirisha, kinasomwa kama HMF, na asali nzuri inafeli. Asali ni ile ile, kilichohama ni dakika.

Kwa nini inahama? Swali la kwanza ni moja: wamehama wote, au baadhi tu? Angalia kile kilele cha mwanzo kabisa, cha vitu ambavyo kolamu haivishiki. Kwenye kolamu ya kawaida ya milimita 250 kwa 4.6, pampu ikisukuma mililita 1 kwa dakika, hutokea karibu dakika ya 2.5. Kama na chenyewe kimechelewa, kikawa 2.8, na HMF ikatoka 6.0 kwenda 6.7, basi treni nzima imechelewa. Usihangaike na kemia. Ni pampu: kiputo cha hewa, vali chafu, au maungio yanavuja. Chukua silinda ya kupimia na saa, kinga kinachotoka kwa dakika 10. Zikija mililita 9 badala ya 10, umempata mwizi wako.

Lakini kama cha mwanzo kimetulia 2.5 na HMF peke yake imehama, pampu haina kosa. Hapo tazama mchanganyiko na joto. Methanoli inaruka hewani haraka, na chupa iliyoachwa wazi inabaki na maji mengi zaidi, hivyo HMF inakawia. Ikipungua asilimia 1 tu, inaweza kusogea robo dakika au zaidi. Na kuchanganya kwenyewe kuna ujanja: pima mililita 900 za maji na 100 za methanoli kila kimoja kivyake. Ukijazia kwa macho mpaka alama ya 1,000, leo na kesho hazitafanana.

Joto nalo si la kudharau. Kila nyuzi 1 ikipanda, vitu hushikwa pungufu kwa asilimia 1 hadi 2. Kama kolamu haina oveni yake, au umeme umekatika na oveni imezima, nyuzi 8 kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana zinaweza kuirudisha HMF nyuma karibu nusu dakika. Mtu akiwasha mashine na kuanza kupima hapo hapo naye anajitafutia balaa, maana kolamu kama hii inataka kama mililita 25 zipite kwanza ndiyo itulie. Hiyo ni karibu nusu saa ya kusubiri.

Kuhama polepole kwa wiki kadhaa huku presha ikipanda ni kolamu iliyochafuka. Asali ina protini na chavua, isiposafishwa na kuchujwa vizuri vinaganda humo.

Na ukiwa na shaka kama kile kilele kweli ni HMF, ongeza standadi kidogo kwenye asali ile ile upitishe tena. Kilele kikikua bila kupasuka vichwa viwili, kuna uwezekano mkubwa ni yenyewe. Kikitokea cha pili pembeni, ulikuwa unapima kitu kingine.

Kwa hiyo kijana unayempelekea mzee wako sampuli Dar, usiombe namba peke yake. Omba na grafu ya asali yake, pamoja na grafu za standadi iliyopitishwa kabla na baada yake. Linganisha dakika. Huhitaji digrii kuona kama 6.0 na 6.0 zinafanana.